Maswali na Majibu: Hori Moja, Vizimba vya Wote

Mzee wetu, nimenunua kiwanja ufukweni mwa Ziwa Victoria, karibu na hori la Lutembe, hati ninayo. Hori lile lina maji matulivu mwaka mzima, hakuna mawimbi ya kuvunja vizimba vya wavu vya kufugia samaki. Nianze na vizimba 10 vya ngege (sato)? (Msomaji, Wakiso)

Usianze hata na kimoja. Barua za namna hii zimenijazia meza, na zote zinasifu utulivu wa maji. Utulivu huo ndio ubaya wenyewe. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hushuka chini ya wavu. Pasipo mkondo wa kuvisukuma hurundikana na kuoza, na uozo unakula oksijeni ambayo samaki wako wanaitegemea. Lutembe ina kina kifupi, na kisiwa cha mafunjo kimekaribia kuitenga kabisa na ziwa kuu. Uchafu ukiingia pale, hautoki upesi. Tena hori hilo limo tangu 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na ndege wanaohama kutoka Ulaya hutua pale kwa makundi makubwa.

Hati yako ni ya ardhi, si ya maji. Kifungu cha 237 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinasema maziwa na maeneo oevu yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote, na kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ufuko wa Ziwa Victoria. Muulize aliyekuuzia kama alikueleza hayo.

Sasa niseme na wale wenye vibali. Tani 1 ya ngege hula kama tani 1.5 ya chakula, na zaidi ya nusu ya fosforasi iliyomo huishia majini, ikalisha mwani na magugu maji. Mwombaji anapopimwa peke yake, vizimba vyake huonekana vichache, anapewa kibali. Baadaye anakuja wa pili, wa tatu, wa kumi, na hakuna anayejumlisha. Nimeliandika hili mara nyingi na sitaacha: kabla ya kibali kipya kutolewa, NEMA, mamlaka ya mazingira, na idara ya uvuvi wapime hori zima linaweza kubeba tani ngapi za samaki kwa ujumla, na zikifika hapo, hori lifungwe kwa wapya, hata mwombaji awe mkubwa wa wilaya.

Ukitaka kufuga kweli, tafuta maji ya wazi yenye mkondo na kina cha mita 8 au zaidi, mbali na mafunjo, na mbali na mazalia ya samaki na njia za mitumbwi.

Naweza kufuga chaza Ziwa Victoria? Nimeona video wanavyouzwa ghali. (Entebbe)

Hapana. Chaza hao wanaouzwa ghali ni wa maji ya chumvi.

Kizimba kimoja kinaingia vifaranga wangapi? (Masese, Jinja)

Kizimba cha ukubwa gani? Unataka kuvuna samaki wa gramu ngapi? Kila toleo naomba vipimo, na kila toleo naletewa swali hili likiwa uchi. Chukua mfano huu, kisha weka namba zako. Wavu wa mita 5 kwa 5, uliozama mita 2, una mita za ujazo 50. Anayeanza asivuke kilo 25 kwa kila mita ya ujazo wakati wa kuvuna, yaani kilo 1,250. Kwa samaki wa gramu 500 hao ni 2,500. Ongeza mia tatu hivi kufidia watakaokufa. Anayekwambia weka 6,000 anakuuzia vifaranga tu.

Kule Ziwa Bunyonyi wanakula kamba wa maji baridi wenye makucha. Nikichukua ndoo moja nikawapandikize kwenye hori letu huku Buikwe, watazaana? (Buikwe)

Watazaana, na ndiyo sababu nakusihi usiwaguse. Kamba wale asili yao ni Amerika. Ziwa Naivasha kule Kenya waliingizwa mwaka 1970, wakaongezeka, wakatafuna mimea ya majini mpaka sehemu kubwa ikatoweka. Mimea hiyo ndimo samaki wachanga hujificha. Wanachimba kingo, wanakula mayai ya samaki, wanatembea nchi kavu kutoka bwawa hadi bwawa. Ukishawamwaga, hakuna wavu utakaowarudisha wote. Ziwa letu limeshapata somo la sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950: alileta fedha nyingi, na akamaliza aina nyingi za samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani. Na kama una jirani aliyekwisha kuwaleta, nenda kwa afisa uvuvi leo. Kukaa kimya ili kulinda ujirani kutaugharimu mwalo mzima.

Samaki wangu wamekufa wote usiku mmoja. Kila mtu hapa mwaloni anasema ni sumu, na wananitajia hadi jina la mtu. Nifanye nini? (Mukono)

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza usimshtaki mtu kwa maneno ya mwaloni. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara walielea wamekufa Victoria na Kyoga, watu wakapiga kelele za sumu, na wataalamu wakasema ni upungufu wa oksijeni. Dhoruba huvuruga maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Mwani nao hutumia oksijeni usiku kucha, ndiyo maana vifo vingi hutokea alfajiri. Je, kulikuwa na upepo mkali? Maji yalibadilika rangi au kunuka? Samaki walikuwa wakihema juu ya maji siku iliyotangulia?

Pima oksijeni kabla ya jua kuchomoza. Ngege anataka miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3, usimwage chakula, kitaoza tu. Peleka sampuli za maji na samaki wabichi kwenye barafu hadi kituo cha utafiti wa uvuvi Jinja, siku hiyo hiyo, maana samaki aliyekwisha kuoza hawezi kupimwa chochote.

Waliokufa wazike mbali na maji, usiwatupe ziwani. Na usimuuzie mtu hata mmoja, hata yule atakayekuja na gari usiku akisema anawataka kwa chakula cha kuku.