Kuwarudisha wafanyakazi ofisini
Kwa aliyeuliza kiongozi aanzie wapi anapotaka kuwarudisha ofisini watu waliozoea kufanyia kazi nyumbani: aanze kwa kueleza ni kazi ipi hasa inayowahitaji wakutane ana kwa ana, kisha awasikilize kabla ya kutangaza siku. Kampuni ya Trip.com ya China ilifanya jaribio la miezi 6 kwa wafanyakazi 1,612, baadhi yao wakibaki nyumbani siku mbili kwa wiki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kwa hao kujiuzulu kulipungua kwa theluthi moja bila utendaji kushuka. Amri ya ghafla, naamini kabisa, huwaumiza zaidi kina mama wanaonyonyesha na wanaoishi mbali. Wapewe miezi ya kujipanga.