Kuelesha paneli za sola kwenye bwawa la shamba: je, mapipa yanatosha?

Swali: Nina bwawa la kumwagilia mboga hapa Naivasha, mita 40 kwa 30 na kina cha mita 4, kingo zake zimelala na limetandikwa karatasi ya plastiki. Wakati wa kiangazi maji hushuka mita 3. Nataka kuelesha paneli 30 za wati 550 juu ya mapipa ya plastiki ya lita 200, ziendeshe pampu ya kilowati 11. Fundi anasema mapipa 24 yanatosha. Ni kweli? Na chelezo nikifunge vipi?

Jibu: Kwa uzito, fundi wako hajakosea. Paneli ya ukubwa huo ina kilo 28 hivi, kwa hiyo zote ni kilo 840. Ongeza fremu, tuseme kilo 800, na mafundi watatu juu yake: unakaribia kilo 1,900. Pipa likizama nusu hubeba kama kilo 90 ukishaondoa uzito wake lenyewe, na 24 hubeba 2,160. Lakini uzito ndio sehemu rahisi ya kazi hii. Kinachovunja vyelezo vya sola ni upepo.

Upepo wa dhoruba wa mita 30 kwa sekunde una shinikizo la paskali 550 hivi. Paneli moja, yenye mita za mraba 2.6, inaweza kuinuliwa kwa nguvu ya kilo 145, mara tano ya uzito wake. Zikiinamishwa nyuzi 10, zote 30 husukumwa kando kwa karibu kilo 750, kabla hujahesabu mapipa. Usizidishe nyuzi hizo 10. Kwetu karibu na ikweta hupotezi umeme wa maana, na mvua bado itaosha vumbi.

Kwenye bwawa la Yamakura, Chiba, Japani, mtambo unaoelea wa megawati 13.7 ulipigwa na kimbunga Faxai Septemba 2019. Nanga ziling'oka, paneli zikarundikana, kisha moto ukawaka juu ya maji, maana paneli iliyovunjika huendelea kuzalisha umeme jua likiwepo. Nanga moja ikiachia, mzigo wake huhamia kwa jirani yake, naye huachia. Kwa hiyo weka kamba nane, mbili kila pembe, na kila moja iweze kuhimili zaidi ya sehemu yake.

Usitumbukize mawe ya zege kama nanga: yatatoboa karatasi, na zege likiwa majini hupoteza asilimia 40 hivi ya uzito wake. Fukia nanga nchi kavu, nyuma ya tuta, si juu ya tuta lenyewe. Kamba inapovuka ukingo, ivishe kipande cha mpira ili isisugue karatasi.

Sasa urefu wa kamba, mahali ambapo wengi hukosea. Tuseme chelezo ni mita 16 kwa 9, katikati ya bwawa. Upande mfupi una nafasi ya mita 10.5 hadi ukingoni. Maji yakishuka mita 3, kamba inahitaji kufika mita 10.9, yaani sentimita 42 tu za ziada. Bwawa likijaa, ulegevu huo unaruhusu chelezo kuyumba kiasi hichohicho, na hakuna ubaya. Lakini ukikisogeza hadi mita 3 kutoka ukingoni ili kuokoa waya, kamba itadai mita 1.2 za ziada: ukiikaza bwawa likiwa limejaa, kiangazi itainua pembe ya chelezo au kukatika. Na chelezo kikilalia mteremko, fremu itapinda.

Kuhusu mapipa: chagua yaliyotengenezwa kustahimili jua, na usichukue yaliyobeba kemikali, maana maji hayo yanaenda kwenye mboga. Vizibo huvuja kwa sababu hewa ya ndani hutanuka mchana na kusinyaa usiku, ikifyonza maji. Viweke juu, na kagua kila mwezi pipa lililokaa chini kuliko wenzake.

Umeme: unganisha safu mbili za paneli 15. Kila paneli ikiwa na volti 50 bila mzigo, safu ni 750, na asubuhi ya baridi hufika karibu 785. Inveta nyingi za pampu, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu, zina kikomo cha volti 800, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kununua. Viungio vya waya vifungwe juu kwenye fremu, visiguse maji kamwe. Inveta ikikataa kuwaka asubuhi kwa kosa la insulesheni, yaani umeme unavuja mahali fulani, anza kutafuta hapo. Acha waya wa ziada uliolegea, wa kutosha kwa zile mita 3 ambazo maji hushuka. Waya wa ethi utoke kwenye fremu hadi fimbo iliyochimbiwa ardhini, kwa kuwa karatasi ya bwawa hutenga maji na udongo.

Kama unategemea kuokoa maji, fahamu kwamba chelezo kitafunika asilimia 12 tu ya bwawa. Kwa upotevu wa milimita 5 kwa siku, utaokoa chini ya lita 720 kati ya 6,000. Ukiwa na robo ekari isiyolimwa, ningekushauri uweke paneli nchi kavu. Elesha tu ikiwa kila kipande cha shamba kina mazao.

Na kabla mtu yeyote hajapanda chelezo, awe na jaketi la kuokolea, na ngazi ya kamba iwe imefungwa kila upande. Karatasi iliyolowa huteleza. Hata anayejua kuogelea hushindwa kutoka.