Ngata ya mzee wa bandarini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu ameniandikia: "Kaka, nachora sura mpaka mtu anajitambua, lakini wanasema picha zangu hazina uhai. Nifanyeje?" Mdogo wangu, umenigusa kwenye kidonda.

Mwaka juzi nilipeleka picha ya penseli kwenye maonyesho. Nilimchora mzee mchukuzi wa bandari ya Kigoma, aliyebeba mizigo ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, tangu ujana wake. Mikunjo yote ya uso niliiweka. Mkaguzi akaitazama kidogo, akasema mbele za watu, "Hii ni picha ya kitambulisho," akapita. Inaniuma hadi leo.

Nikamrudia mzee bila penseli. Shikamoo, nikaketi, tukala ugali kwa dagaa. Liemba ilikuwa imesimama kwa matengenezo, ila yeye alikuja kila asubuhi na ngata yake, ile pete ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani. Aliivua kichwani, akaiweka gotini, akawa anaibana kwa vidole ili ikae duara. Ilikuwa imekandamizwa hadi ikawa ngumu kama mkate wa juzi, na ukingoni bado limebaki ua jekundu la kanga. "Kanga ya mama yao," akasema. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea ziwani: "Ile ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Itatembea tu."

Hapo ndipo nikajua nilichora ngozi, mtu nikamwacha bandarini.

Picha ya pili nilianza na ngata. Mwanga nikautoa upande mmoja tu, ukaangukia gotini. Uso nikauinamisha na kuutia kivuli kwa 6B, penseli laini yenye weusi mzito, tabaka juu ya tabaka, bila kupaka kwa kidole maana mafuta ya mkono yanaacha madoa. Ngata nikaiachia weupe wa karatasi, na mistari michache ya HB, penseli ngumu zaidi. Macho hayaonekani kabisa, lakini kungoja kwake kunaonekana.

Basi kaeni na mtu kwanza. Tafuteni kitu ambacho mkono wake hauachi, mwanga mkipe hicho. Wachoraji wenzangu, tuache kuhesabu makunyanzi tukidhani tumechora uzee! Mtu aliyebeba magunia maisha yake yote hastahili kugeuzwa zoezi la kivuli. Kaeni naye, nasema tena, kaeni naye.

Nilimpelekea mzee picha hiyo nyumbani kwake, mtaa wa Mwanga. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye nuru. Kidole chake hakikwenda usoni. Kilikwenda kwenye ngata, kikatafuta lile ua.