Kwenye maabara, anza na hewa

Wiki hii nimepata meseji ya mhandisi kijana. Amekabidhiwa maabara ya kwanza maishani mwake, anauliza aanzie wapi: umeme, mabomba au viyoyozi? Na feni ya kuingiza hewa iwe na nguvu kiasi gani? Imenikuta siku mbili tu baada ya kukabidhi maabara ambayo hatukutoboa slabu (sakafu ya zege) hata mara moja baada ya kumwagwa, na kwa hilo najivunia. Lakini imenirudisha pia kwenye maabara yangu ya kwanza, ambayo hadi leo nikiikumbuka naumia.

Ilikuwa ya hospitali moja ya mkoa, nina miaka mitatu kazini. Nikapanga viyoyozi viwili vya ukutani kama vya ofisi, nikaweka feni ya kutoa mvuke kwenye kabati la kemikali, lile lenye uwazi mbele ambalo mtu huchanganyia kemikali ndani yake, nikasaini michoro. Siku ya kuwasha, mama mmoja mteknolojia alibeba trei ya sampuli akitaka kutoka. Mlango, unaofungukia nje, haukusogea. Akausukuma kwa bega mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukaachia ghafla, mirija ikagongana kwenye trei. Saa moja baadaye harufu ya choo ikaanza kupanda kutoka tundu la maji sakafuni. Mtego wake, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, ulikuwa umekauka, na feni ilikuwa inavuta hewa popote inapoipata.

Hesabu yake ni ya dakika mbili. Uwazi wa kabati ulikuwa mita 1.5 kwa 0.5. Hewa inatakiwa kuingia pale kwa kasi ya takriban mita 0.5 kwa sekunde, ili mvuke usimrudie mtu usoni. Hizo ni mita za ujazo 1,350 kwa saa, na chumba kizima kilikuwa na 90 tu! Yaani hewa yote inatoka mara 15 kila saa, nami sikuacha pa kuingilia nyingine. Kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ileile ya ndani.

Tulipotaka kutoboa slabu ya juu kupitisha njia ya hewa safi, mashine ikagota kwenye nondo, na mhandisi wa majengo akasimamisha kazi. Mwisho tukatoa dirisha moja tukapitisha hapo. Wiki tatu zikapotea. Kikaoni mkandarasi akasoma gharama mbele ya watu wote, jina langu likiwa la kwanza. Hakuna aliyenitetea, na sijasahau.

Basi, mdogo wangu, anza na hewa. Na kabla ya hewa, kaa na watu wa maabara. Hii ya juzi nilikaa nao asubuhi nzima, tukipitia kifaa kimoja kimoja: kinatoa joto kiasi gani, kinamwaga nini, umeme ukikatika kinaharibu nini. Ndipo dada mmoja akaniambia kabati la kinga ya vimelea limechorwa jirani na mlango, na kila anayepita atavuruga pazia la hewa linalomkinga anayefanya kazi. Tulilihamisha kwa kifutio. Matundu ya slabu tuliyaachia vipande vya bomba kabla ya zege kumwagwa, na mabomba ya korido tukayaunga chini kwenye fremu, tukayapandisha yakiwa yamekamilika.

Wahandisi wenzangu, tuache kunakili michoro ya ofisi. Yule anayevuta mvuke wa asidi kila siku kwa sababu ya uvivu wetu hajui hata majina yetu. Kaeni na watu wa maabara. Kaeni nao kabla ya kuchora.

Kuhusu feni ya kuingiza hewa uliyoiulizia: izidiwe kidogo na ile ya kutoa, mimi huacha pengo la asilimia 10 hivi, ili hewa itoke koridoni kuingia maabara, isigeuke. Bomba la kutolea lipande angalau mita 3 juu ya paa, mbali na unapovutia hewa safi. Nitumie michoro kabla hamjamwaga zege.