Msiwahi Kuung'oa: Niliyojifunza Kutunza Hamelia Houston

Ndugu zangu mliohamia Houston na viunga vyake hivi karibuni, mkapata nyumba yenye ua japo mdogo, ninawaandikia habari za kichaka kimoja tu. Kila Septemba wageni wanaofika kwangu huuliza ni mmea gani ule wenye maua mekundu, uliozungukwa na ndege wadogo wanaovuma kama nyigu, na wengi wao wakishatajiwa jina hwenda kuununua wikiendi hiyo hiyo. Ikifika Februari hunipigia simu kunipa pole ya kichaka chao kilichokufa. Mara nyingi kichaka hicho hakijafa, na hapo ndipo wanapokosea kosa ambalo mimi mwenyewe nililikosa kabla yao.

Mmea huu unaitwa hamelia, kwa jina la kitaalamu Hamelia patens. Asili yake ni Florida, visiwa vya Karibi na Meksiko, kisha kushuka hadi Argentina. Ni wa familia moja na mbuni, na mtu aliyekulia kwenye migomba na kahawa ya Kilimanjaro, kama mimi, hapati taabu kuuona huo udugu akiyatazama majani yanavyokaa kwenye pingili, isipokuwa majani ya mbuni huota mawili mawili na ya hamelia huota matatu matatu, pengine manne. Ua lake ni mrija mwembamba wa sentimita tatu hivi, wenye rangi iliyo kati ya machungwa na wekundu wa damu. Kwa pua ya mwanadamu halina harufu ya kutajika, wala halihitaji kuwa nayo, kwa sababu mgeni linayemngojea huongozwa na macho.

Mgeni huyo ni ndege mvumaji, ambaye Afrika hayupo kabisa. Spishi zake zote, zaidi ya 300, zimo katika mabara ya Amerika tu. Sisi nyumbani tuna chozi, naye kwa kung'aa na kupenda kwake maua hudhaniwa kuwa ndugu yake, ingawa hawana udugu wa karibu. Tofauti yao ina faida kwa mkulima. Chozi hupenda kutua kwenye tawi kisha akaliinamia ua, ilhali mvumaji hunywa akiwa amesimama hewani, mabawa yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde, na akimaliza hurudi kinyumenyume. Kwa hiyo msiufiche mmea huu katikati ya vichaka vingine wala kuubana ukutani; uacheni uwe na nafasi wazi mbele yake, na upate jua lisilopungua saa sita kwa siku. Kivulini utaota majani mazuri ya kijani, lakini maua yatakuwa ya kuhesabika.

Anayepita kwa wingi Houston ni yule ambaye dume lake lina koo jekundu. Uzito wake ni gramu tatu au nne, na wengi wao wakati wa kuhama huivuka Ghuba ya Meksiko, mwendo wa kilomita 800 na zaidi, bila mahali pa kutua. Wanaporudi kaskazini huanza kuonekana huku mwezi wa Machi, na wanaposhuka kusini hujaa Septemba, wakila kwa pupa ili wapate mafuta ya kuwavusha bahari. Nimelitaja hili mapema kwa sababu kazi yote ya mwaka inapimwa kwa mwezi huo mmoja: mtu akijua kwamba kichaka chake kinatakiwa kiwe kimejaa maua mwisho wa Agosti, atajua pia lini apogoe na lini auweke mkasi chini.

Mnunuapo mche, someni kibandiko kwa makini. Kuna aina inayouzwa ikiwa na jina la Afrika, yenye majani laini yasiyo na vinyweleo na maua yanayoelekea umanjano. Nilipoiona mara ya kwanza moyo wangu ulifurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani, na nikalipa bila kuuliza zaidi. Baadaye nikagundua kwamba asili yake ni huku huku Amerika, na Afrika ni ya kibandiko tu. Si mbaya, nayo huvuta ndege, ila msiinunue kwa sababu ya jina. La muhimu zaidi ni kumwuliza muuzaji kama miche yake imetiwa dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi, kwa kuwa dawa hizo hupanda ndani ya mmea hadi kwenye maji matamu ya ua. Kwa sababu hiyo hiyo sipulizi sumu yoyote uani kwangu. Ndege mvumaji haishi kwa utamu peke yake, bali hula vijidudu na buibui, na makinda yake hulishwa hivyo hivyo. Vidukari vikizidi, navipiga maji ya mpira asubuhi, vinaanguka.

Udongo wa sehemu kubwa ya Houston ni mfinyanzi mweusi, ambao ukilowa hunata kwenye buti na ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kidole. Kabla ya kuuchimba pigeni simu namba 811 siku mbili za kazi kabla, waje wawawekee alama za mabomba ya gesi na nyaya zilizozikwa. Huduma hiyo ni ya bure. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe na kina kuzidi donge lenyewe, kwa sababu shimo refu katika mfinyanzi hugeuka kuwa beseni na mizizi ikaoza ndani yake. Mimi huuacha uso wa donge ujitokeze juu ya ardhi kiasi cha vidole viwili. Mizizi ikiwa imejizungusha ndani ya chungu cha kitaluni, ifungueni kwa vidole, hata michache ikikatika. Msimu wa kwanza mwagilieni mara mbili kwa wiki, maji mengi kwa mara moja, si kunyunyiza kila jioni. Mmea ukishashika, hustahimili ukavu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iacheni, maana itawapa majani tu. Kikombe cha mboji wakati wa majira ya kuchipua chatosha.

Sasa nije kwenye baridi. Februari 2021 Houston ilipatwa na baridi ambayo wengi wetu tulikuwa hatujaiona, ikashuka hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na umeme ukakatika. Nilikuwa na hamelia tatu. Baada ya wiki moja zote zilikuwa vijiti vya kahawia, gome likibanduka. Nilivumilia hadi katikati ya Machi, kisha nikachukua jembe nikaung'oa wa kwanza, uliokuwa karibu na mlango, kwa kuwa niliona aibu mbele ya majirani. Mama mmoja wa Kimeksiko anayeishi mtaa wa nyuma alinikuta nikiuburuta kwenda kwenye pipa. Hakusema mengi. Aliinama, akakikwangua kwa ukucha kisiki pale kilipokutana na mizizi, na chini ya lile gome lililokufa pakaonekana utando wa kijani kibichi, wenye majimaji, usiozidi upana wa punje ya mchele. Niliurudisha shimoni jioni ile ile, lakini mizizi ilikuwa imeshakatikakatika na haukupona. Miwili iliyobaki ilichipua kutoka ardhini wiki ya tatu ya Aprili, na kufikia Septemba ilikuwa inanifika kifuani.

Basi ikija baridi ya kugandisha, fanyeni hivi. Kabla haijafika, lundikeni matandazo ya majani makavu au vibanzi vya mbao, kina cha sentimita 10 hadi 15, kuzunguka kisiki. Ikishapita, msikate chochote. Vijiti vilivyokufa, hata kama vinachukiza macho, hukinga kisiki dhidi ya baridi inayoweza kurudi. Mwanzoni mwa Machi sogezeni matandazo, kateni vijiti hadi kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, kisha subirini. Mmea huu hutoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo kuukata chini kabisa hakuwanyimi kitu. Kinachowanyima ni kuupunguza Julai ili uwe mraba kama ua wa hoteli, kwani hapo mnakata ncha zile zile zilizokuwa zikijiandaa kwa Septemba. Mei yote ikipita bila chipukizi hata moja, na mkikwangua hakuna kijani, hapo jembe lina ruhusa.

Kuhusu yale maji ya sukari yanayotundikwa kwenye chupa nyekundu, sina ugomvi nayo yakiwa safi: sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, bila rangi wala asali, na chupa ioshwe kila baada ya siku mbili wakati wa joto. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunarudi kazini tukiwa hoi, chupa inavunda juani, na ndege anapata maradhi kwa mkono wa aliyetaka kumfadhili. Kichaka hakihitaji kuoshwa.

Jambo la mwisho ni idadi. Mwaka niliobaki na miwili, yote ilikuwa upande mmoja wa nyumba, na dume mmoja aliimiliki yote. Alikaa kwenye waya wa nguo, koo lake likiwa jeusi kivulini na kuwaka kama kaa alipogeuka juani, na kila mwenzake aliyethubutu kukaribia alifukuzwa hadi nje ya uzio. Mwaka uliofuata nilikata vipandikizi vya matawi laini, vya urefu wa kidole kirefu, nikaviotesha kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli, na vilipopata mizizi nikapanda mmoja upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo kutoka kwenye waya hapaonekani. Mnaoishi kwenye nyumba za kupanga wekeni mmea katika ndoo kubwa ya lita 40 iliyotobolewa chini, muuingize varandani usiku wa baridi. Hautakua mrefu, lakini utatoa maua, na mkihama mtahama nao.