Wasomaji Wauliza: Kula babekyu ya Texas ukiwa na mbwa garini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: likizo imefika, gari lipo, hamu ya kidari cha ng'ombe kilichookwa kwa moshi ipo, na mbwa hawana wa kuachiwa nyumbani. Tumechagua tano.

*Salamu nyingi. Mimi na mke wangu tunataka kuzungukia mabanda ya babekyu ya Texas ya kati mwezi wa Juni. Tuna mbwa wawili, mmoja wa kilo 28 na mwingine wa kilo 7. Je, tutaruhusiwa kukaa nao mezani? (Msomaji, Houston)*

Ndani, hapana. Nje, inategemea mwenye mgahawa. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 sheria ya Texas inamruhusu mwenye mgahawa kupokea mbwa kwenye meza za nje bila kuomba kibali cha mji, ila kwa masharti: aweke tangazo mahali panapoonekana, mteja aweze kufika kwenye meza hizo moja kwa moja kutoka nje bila kumpitisha mbwa ndani, chakula kisiandaliwe hapo nje, mbwa afungwe kamba na awe chini ya uangalizi, na asipande kwenye kiti wala meza. Zingatieni neno "inamruhusu". Haimlazimishi. Kwa hiyo pigeni simu siku moja kabla na muulize maswali mawili: mbwa wanaruhusiwa nje? Na mlango wa kufika huko uko wapi? Swali la pili ndilo watu husahau. Katika majengo mengi ya zamani ya miji ya Lockhart na Taylor nyama huuzwa ndani kwenye kaunta, na njia iliyozoeleka ni kupita katikati ya ukumbi.

Kwa kuwa mko wawili, kazi ni rahisi: mmoja anaingia kununua, mwingine anabaki na mbwa kivulini. Chagueni meza ya pembeni, yenye ukuta au uzio mgongoni, upande ambao upepo hautoki kwenye tanuri. Kamba ya mita moja na nusu inatosha; ile inayorefuka yenyewe iacheni garini, maana huzunguka miguu ya watu wenye sinia mkononi. Msiifunge kwenye mguu wa meza ya kuhamishika wala kiti. Mbwa wa kilo 28 akiona kuku au paka, meza inaondoka naye, na ile kelele ya meza inayomfuata ndiyo inayomfanya azidi kukimbia. Mkiifunga, ifungeni kwenye nguzo iliyochimbiwa chini. Vinginevyo pitisheni kitanzi chake mkononi. Kabla ya kumlaza mbwa, kagueni chini ya meza. Hapo ndipo huangukia mifupa ya mbavu na vijiti vya meno vya wateja waliotangulia.

*Nasafiri peke yangu na mbwa mmoja. Nikiegesha kivulini na kuacha madirisha wazi kidogo, si naweza kuingia dakika kumi tu nikanunue nyama? (Msomaji, San Antonio)*

Hapana, ndugu yetu, usifanye hivyo. Nje kukiwa na nyuzi 21 tu za Selsiasi, ndani ya gari lililofungwa hufika kama 32 baada ya dakika kumi, na karibu 40 baada ya nusu saa. Texas mwezi wa Juni huanzia nyuzi 30 na kupanda. Kufungua dirisha upana wa vidole viwili hakubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha maana, na kivuli cha saa nne si kivuli cha saa sita. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema hakusaidii pale hewa anayoivuta ikiwa na joto kama la mwili wake. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, huzidiwa mapema zaidi. Kiyoyozi cha gari lililoachwa likinguruma nacho si cha kutegemea, kwa sababu injini ikizimika hakuna atakayejua. Na kuhusu zile dakika kumi: foleni ya babekyu haina dakika kumi.

Aliye peke yake ana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mapema kwa simu au mtandaoni na kuomba uletewe gari lilipo. Migahawa mingi hufanya hivyo siku hizi. Ya pili ni kuchagua mabanda ya magari ya chakula, ambako dirisha la kuuzia liko nje na unasimama kwenye foleni pamoja na mbwa wako. Hapo weka kiganja chako juu ya lami kwa upande wa nyuma, hesabu mpaka saba. Kama huwezi kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Msimamishe kwenye majani au umbebe.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akihema kwa nguvu bila kutulia, mate yakawa mazito ya kunata, fizi zikawa nyekundu sana, akayumba au kutapika, usingoje. Mwagie maji ya baridi ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, mpepee au mweke mbele ya kiyoyozi, umpe maji kidogo kidogo kama anaweza kunywa mwenyewe, kisha mpeleke kwa daktari wa wanyama hata kama ameonekana kupata nafuu. Taulo lenye maji usimfunike ukaliacha juu yake. Linapata joto na kulizuia lisitoke mwilini. Madhara ya figo na damu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

*Mbwa wangu ananikazia macho mpaka naona aibu. Naweza kumpa nini kwenye sinia la babekyu? (Msomaji, Dallas)*

Kwenye sinia lenyewe, karibu hakuna. Tunajua inauma kusikia hivyo, lakini sababu zake zinafaa kujulikana moja moja.

Anza na lile ganda jeusi la nje. Limejengwa kwa chumvi na pilipili, na sehemu nyingi huongeza unga wa kitunguu maji na kitunguu saumu. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kiwango kinachojulikana kuleta madhara ni gramu 15 hadi 30 za kitunguu kibichi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, lakini unga umeshakaushwa maji yote, kwa hiyo gramu 10 zake ni kama gramu 100 za kitunguu kibichi. Dalili huchelewa siku tatu hadi tano: unyonge, fizi kupauka, mkojo wa rangi ya chai. Ndiyo maana watu hawaihusishi na sinia la Jumamosi. Maharage na mchuzi vimo kwenye kundi hilohilo.

Kuna mchuzi mwingine mbaya zaidi: ule usio na sukari. Baadhi hutiwa utamu wa zailitoli. Gramu 0.1 kwa kilo inatosha kuishusha sukari ya mbwa, mara nyingi ndani ya saa moja, na gramu 0.5 kwa kilo inaweza kuharibu ini. Chingamu ya baada ya kula ina hatari hiyohiyo.

Mafuta ya kidari, yale yanayotetemeka kama jeli, huweza kusababisha uvimbe wa kongosho. Mbwa hutapika, hukunja mgongo, hukataa kula, na mara nyingine huishia kulazwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Gunzi la hindi nalo hukwama utumbo. Akimeza mfupa usimtapishe mwenyewe, kwa kuwa ncha iliyoshuka salama huweza kuchana koo ikirudi. Mpigie daktari, kisha mchunguze kwa siku tatu: kutapika, kujikamua bila kupata choo, damu kwenye choo. Kwa sumu, kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, hupokea simu saa 24, kwa malipo.

Ukitaka kabisa naye aonje, chemsha nyumbani kuku bila ngozi, bila chumvi wala kiungo, ukate vipande vya ukubwa wa njegere na uvibebe kwenye barafu. Mbwa wa kilo 7 vipande vitano, wa kilo 28 kumi na tano. Anachotaka ni kushiriki. Hajui kama chako kina moshi wa mwaloni.

*Mbwa wangu hutapika kila tukivuka kilomita 50. Nifanyeje? (Msomaji, Waco)*

Mpe chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka, si njiani. Mfunge mkanda wa kifuani kiti cha nyuma, mahali anapoona mbele. Kiti cha mbele hapana, kwa ajili ya mfuko wa hewa. Simama kila baada ya saa mbili, umtembeze dakika kumi. Isiposaidia, muulize daktari kuhusu maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika, ambayo hutolewa saa mbili kabla ya safari. Usimpe dawa yako mwenyewe.

*Tunaweza kuonja sehemu ngapi kwa siku, na tutajuaje ipi nzuri? (Msomaji, Austin)*

Tatu. Ya nne mtakula kwa kiburi tu, na mbwa atakuwa amechoka. Jumamosi anzeni mgahawa wa Snow's, mji wa Lexington, kilomita 80 hivi kutoka Austin. Hufunguliwa Jumamosi tu, saa mbili asubuhi, na ubaridi wa asubuhi unawafaa mbwa. Kisha Taylor kwa Louie Mueller, halafu Elgin kwa soseji. Siku nyingine Lockhart, ambako Kreuz Market, Smitty's na Black's ziko karibukaribu. Fikeni kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa kidari kikiisha kimeisha: kile cha leo kiliwekwa motoni jana.

Nyama huuzwa kwa ratili. Kwa watu wawili, kila sehemu agizeni robo ratili ya kidari, ambayo ni gramu 113, ubavu mmoja na soseji moja. Ombeni kidari cha upande wenye mafuta, maana upande mkavu hauonyeshi ufundi wote. Ning'iniza kipande juu ya kidole: kiiname bila kukatika. Kivute taratibu ncha mbili: kiachie kwa ukinzani kidogo. Kikivutika kama mpira, kimetolewa kabla kano hazijayeyuka, jambo linalohitaji saa nyingi na joto la ndani la nyuzi 95 hivi. Kikibomoka chenyewe, kimepitiliza. Mduara wa waridi chini ya ganda usiwababaishe. Unatokana na gesi za moto na hausemi lolote kuhusu ladha. Uchungu unaotia ganzi ulimi ndio unaosema: kuni ziliachwa zifuke bila hewa ya kutosha. Ubavu mzuri huacha alama ya meno yako. Ule unaodondoka wenyewe mfupani umeiva kupita kiasi. Mchuzi onjeni mwisho.

Mabaki yaingie kwenye kisanduku cha barafu ndani ya saa mbili, au saa moja kukiwa na zaidi ya nyuzi 32. Kisanduku kikae kwenye buti, kimefungwa kwa kamba, si kiti cha nyuma. Na karatasi ya buchani iliyolowa mafuta itupeni palepale mgahawani. Mbwa akiipata garini ataimeza nzima.