Vijana wa kitalu, ule udongo mweusi wa bondeni uacheni hukohuko

Wiki iliyopita nashuka kitaluni asubuhi nakuta kirikuu imepaki getini, nyuma imejaa udongo mweusi tii unachuruzika maji, na kijana wangu wa field kasimama pembeni anatabasamu kama kaopoa sangala. "Bosi, nimetupatia piti mosi ya bure." (Piti mosi ni ile piti ya kuoteshea miche inayouzwa kwa magunia.) Nikamuuliza umeitoa wapi. Bondeni, kule kwenye mafunjo, wenyeji wenyewe wamesema chukua tu. Aisee nilitafuta ndoo nikakaa. Maana huyo kijana ni mimi wa mwaka 2019, tofauti ni kwamba mimi sikuja na kirikuu, nilikuja na tipa, tena tipa tano.

Kwaiyo haya nawaandikia wote mnaoanza vitalu huku kwetu Kigoma mwisho wa reli, wa michikichi, wa kahawa, wa nyanya za kwenye trei, pamoja na nyie wa field mnaokuja kila mwaka na makosa yaleyale mkidhani mmeyagundua nyie. Nawapenda ila mnanichosha.

1. Majina kwanza. Mboji unaitengeneza mwenyewe, majani na samadi, unageuza, miezi mitatu minne umemaliza. Kokopiti ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, haihusiani na piti hata kwa undugu wa mbali, jina tu. Piti yenyewe ni mimea iliyokufa ikazama kwenye maji yasiyo na hewa, ikashindwa kuoza ikalala hapo, na inajaa taratibu sana, kama milimita moja kwa mwaka. Piga hesabu. Ukichimba mita moja umeshachimba miaka kama elfu moja, yani umempita Mjerumani na reli yake, umempita na Mwarabu kabla hajaiona Ujiji, bado jembe linashuka. Na sio kila bonde la mafunjo lina piti chini, mengine ni tope la kawaida tu.

2. Piti mosi ya gunia ni ya trei. Ilowanishe kwenye beseni mpaka ukiikamua idondoke matone mawili matatu ndo ujaze, na soma gunia uone kama imeshawekewa chokaa ya kupunguza tindikali au ni mbichi.

3. Tipa tano. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

2019 chikichi ndo ilikuwa habari ya mjini. Kampeni ya serikali ilishaanza mwaka mmoja nyuma, Waziri Mkuu Majaliwa mguu nje mguu ndani Kigoma, TARI Kihinga, kile kituo cha utafiti wa kilimo, wanahangaika na mbegu za tenera, chikichi chotara yenye mafuta mengi, kila mwenye heka mbili anataka miche. Nikapata oda ya miche 1,800 ya kukabidhi mvua za mwaka unaofuata. Prinasari yangu, yani kitalu cha mwanzo cha vifuko vidogo, ilikuwa inapendeza, miche ina majani manne, inangoja tu kuhamia viriba vikubwa. Shida ikawa udongo. Udongo mzuri wa juu uko mbali, samadi imepanda bei, na adivansi ya mteja nilishaila kwenye ada na mabati. Nikakumbuka nimesoma mahali kwamba Wazungu wanaotesha kila kitu kwenye piti, nikakumbuka na bonde moja upande wa Kasulu nililowahi kupita na pikipiki, jeusi kama masizi. Nikajiona nina akili kuliko wote mkoani.

Nikamwona mzee mmoja wa kitongoji, soda mbili, akasema hilo bonde halina mwenyewe. (Wadogo zangu, huku kwetu ukiambiwa ardhi haina mwenyewe ujue mwenyewe yuko njiani anakuja.) Ilikuwa Agosti, kiangazi kimekolea, lakini bonde lina maji bado, ukikanyaga unazama, kwaiyo nikaweka vibarua wakachimba mfereji wa kukausha, mita kama arobaini, maji yote tukayaelekeza mtoni. Wiki mbili pakakauka. Tukapakia.

Dalili ya kwanza niliipata kitaluni na nikaipuuza. Nilianika lile rundo juani ili lichekecheke vizuri, siku kumi baadae limenywea, tipa tano zimekuwa kama tatu. Mi nikadhani vibarua wananiibia! Nikabadilisha mlinzi. Tukajaza viriba, tukahamisha miche, shedinet juu, maji asubuhi na jioni. Juu panaonekana pamelowa vizuri na chini kwenye vitobo maji yanatoka, nani angeshuka kuangalia katikati? Mwezi wa pili tangu tuhamishe miche, majani ya chini yakaanza njano. Nikasema hii ni naitrojeni, nikaweka urea. Njano ikawa kahawia. Nikaongeza maji. Siku moja kwa hasira nikapasua kiriba kwa kisu: juu sentimita mbili mbichi, pembeni mbichi, katikati kwenye mizizi pakavu kama majani ya chai kwenye pakiti. Miezi miwili namwagilia plastiki. Maji yalikuwa yanateleza ukutani mwa kiriba yanatokea chini, na mizizi inanitazama.

Mtaalamu mmoja niliyempelekea sampuli alicheka kwanza ndo akanielekeza. Piti ya kinamasi ukishaikausha kabisa inakataa maji, inakuwa kama imepakwa mafuta, na kuirudisha ni kazi. Chakula chenyewe ndani yake kiduchu, shaba hamna, pH ilikuwa nne na ushee, yani tindikali kali. Afu inazidi kunywea, viriba vikashuka robo nzima, shingo za miche zikabaki nje kama kuku aliyenyonyolewa. Najua kuna mjuaji atasema mbona Indonesia na Malaysia wanalima michikichi juu ya piti. Wanalima ndio, wanakausha kwa mifereji, ardhi inadidimia, michikichi inainama kama walevi, na 2015 Indonesia ile piti iliyokaushwa iliwaka mpaka moshi ukafika nchi jirani, serikali yao mwaka uliofuata ikaunda wakala mzima wa kurudisha maji kwenye piti. Mimi sikuwa na wakala.

Maana na yangu iliwaka. Rundo lililobaki nililiacha karibu na banda la mlinzi, mlinzi mpya akamwaga majivu ya jiko. Hakuna mwali, moshi tu unatoka kwa chini unanuka kama nywele zilizoungua. Tunamwaga ndoo ishirini, unatulia, kesho asubuhi unatokea upande mwingine. Siku tisa! Jirani kafua nguo mara tatu, ya nne akaja na mtendaji. Tulikuja kuuzima kwa kulichambua rundo lote kwa koleo, tunalitandaza kidogokidogo na kulikoroga na maji kama tunasonga ugali.

Haya yote ningeweza kuyasimulia baa nikicheka. Ila kuna hili. Nilirudi kule bondeni mwezi wa tisa mwishoni, bado na mawazo ya tipa ya sita. Nikakuta akina mama watatu wamekaa na madumu chini kidogo ya pale nilipochimba, kwenye kisima chao cha asili, wanakinga kwa kikombe. Mimi sikuwa hata najua kuna kisima. Mmoja mtu mzima akainuka, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza, "Mwanangu, maji yetu umeyapeleka wapi?" Hakugomba. Bora angegomba. Lile bonde ndo lilikuwa linanyonya maji ya masika na kuyaachia polepole mpaka mvua zinarudi, na mimi nimelitoboa kwa mfereji wa mita arobaini nikayamwaga yote kwa wiki mbili. Tuliufukia mfereji, mimi na vibarua walewale, safari hii bila kujiona injinia. Kisima hakikurudi mpaka mvua za Novemba. Wiki zote hizo wale mama walikuwa wanafuata maji mbali na mimi nilikuwa najua kwanini.

Miche iliyopona ni 400 hivi kati ya 1,800. Adivansi nilirudisha kwa kuuza ile pikipiki. Faini nililipa, kiasi sitaji, mke wangu anasoma.

4. Sheria, na hii msinijibu "sikujua" kwa sababu nimeshawaambia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa huruhusiwi kufanya shughuli za kudumu wala zinazoharibu hifadhi yake. Maji yana bodi ya bonde, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ofisi yao iko hapahapa Kigoma, nenda kaulize kabla ya koleo, kuuliza hawatozi. Na wale wa kuelekea Uvinza, Kibondo na Tabora mkumbuke kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi ni eneo la Ramsar, yani ardhioevu iliyo chini ya mkataba wa kimataifa wa kuzihifadhi, tangu 2000, la kwanza Tanzania, zaidi ya hekta milioni tatu. Soda mbili kwa mzee wa kitongoji sio kibali.

5. Fuatilieni sera za wenzetu kama mnavyofuatilia bei ya mawese, kwa sababu gunia lako la piti mosi halitoki Kibirizi. Linatoka huko Ulaya, Latvia, Estonia, Ufini, Ujerumani, na huko wanabishana kuhusu piti miaka mingi sasa. Uingereza mwaka 2011 waliwaomba watu kwa hiari, wa bustani za nyumbani waache piti ifikapo 2020, wa biashara ifikapo 2030. Hiari ni hiari, 2020 ikafika piti imejaa madukani. 2022 wakatangaza marufuku ya rejareja kwa England ifikapo 2024, na 2024 ikapita sheria haijatungwa. Mnaona, sio sisi tu wenye matamko. Ayalandi ndo kali zaidi, nchi iliyochimba na kuchoma piti vizazi na vizazi, kampuni ya serikali Bord na Móna ikatangaza Januari 2021 haivuni tena, wachimbaji wengine mahakama ilishawabana tangu 2019. Basi Septemba 2021 wakulima wa uyoga na miche wameishiwa, meli ikatia nanga na tani 3,600 za piti kutoka Latvia. Ni kama Kigoma tuagize mawese Dodoma. Kinamasi cha Ayalandi kimepumzika, cha Latvia ndo kimechimbwa, na mkulima kalipa nauli ya meli. Mi naona kuzuia walikuwa sahihi, ila mbadala ulitakiwa uwe umeshafika shambani kabla ya marufuku, na ndo maana nawapigia kelele mjifunze kokopiti na mboji ya makapi ya chikichi leo wakati hakuna anayewakimbiza.

6. Kuhusu kuchoma. Kuna kijana mwingine (siku hizi mna maandiko ya mradi kuliko miche) kaniletea andiko: tuchimbe piti tukandamize tuuze kama mkaa mbadala kwa shule, maana taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeshaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Hoja yake kubwa, Burundi hapo jirani wanachoma miaka mingi, wana shirika la serikali kabisa la piti, ONATOUR, na Rwanda wanaiita nyiramugengeri, wamejenga mpaka mtambo wa umeme wa megawati 15 pale Gishoma. Vyote kweli. Lakini wao wana ardhi finyu, misitu imebanwa, na walipima akiba yao kwanza, we umepima nini zaidi ya kuzama mguu? Akanirukia na STAMICO, shirika la madini la taifa, mbona wana Rafiki Briquettes za makaa ya mawe. Nikamwambia makaa ya mawe yanatoka mgodini kwa leseni, wewe unataka kuchimba kisima cha watu kwa jembe. Na mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, sasa moshi ule niliopambana nao siku tisa nani ataupitisha kuwa safi? Maeneo ya piti ni kama asilimia 3 tu ya ardhi ya dunia lakini yamebeba kaboni kuliko miti yote ya misitu ikijumlishwa, na eneo kubwa kuliko yote la piti Afrika liko ng'ambo hiyo ya ziwa, bonde la Kongo, kilometa za mraba kama 167,000. Kijana akasema kwaiyo andiko nilipeleke Kongo? Huyu atafika mbali, sijui tu ni wapi.

7. Mchanganyiko wangu wa viriba: udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyoiva mbili, mchanga moja. Basi.

8. Kila wiki pasua kiriba kimoja kwa kisu uangalie katikati. Kimoja tu. Kitakuuma, ila mi vingeniuma vinane nikabaki na pikipiki.

Sasa ile kirikuu. Nilimwambia kijana tunarudisha, akaniangalia kama nimerogwa, dereva naye akadai nauli ya kwenda na kurudi, ya kuleta akalipa kijana, ya kurudisha nikalipa mimi. Tumefika bondeni tunamwaga kwa koleo kwenye shimo lilelile, jua linawaka, hakuna anayeongea, anapita mzee na baiskeli ana mikungu ya chikichi nyuma, anafunga breki, anatutazama weee, kisha anauliza: "Huo udongo mnauza shilingi ngapi?"